Barua za Bwana Cooke na swali la mjomba

Saa sita ya usiku imeshapita, usiku wa kuamkia tarehe 5 Juni 1968. Katika hoteli ya Ambassador mjini Los Angeles, Seneta Robert Kennedy, anayewania kugombea urais, ametoka kuwashukuru waliompigia kura na kumpa ushindi wa mchujo wa jimbo la California. Kando ya ukumbi kuna chumba kidogo cha waandishi wa habari, na kutoka chumba hicho kuna mlango wa kusukuma unaoingia sehemu ya jikoni, wanapopakulia chakula. Mwandishi mmoja, Alistair Cooke, mzaliwa wa Uingereza, mtu wa miaka 59, yuko pale anasubiri. Mara anasikia mlio. Haumjii kama mlio wa bunduki. Anausikia kama mtu kaangusha rundo la sinia.

Anaingia. Watu wamelala sakafuni, wengine wanapiga kelele, wengine wanamkaba kijana mmoja. Na pale chini, Kennedy.

Tarehe 9 Juni mwandishi huyo alisoma kwenye redio ya BBC barua yake ya wiki, mazungumzo yaliyoitwa Letter from America, kama alivyokuwa akisoma kila wiki kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliusimulia uso wa Kennedy: aliuona kama sanamu ya jiwe ya mtoto aliyelazwa juu ya kaburi ndani ya kanisa kuu. Kisha, mwisho wa barua, akasema neno ambalo halijaniacha tangu nilisikie. Wakati huo Wamarekani wengi walikuwa wanajilaumu kwa pamoja, wanasema jamii nzima ni mgonjwa, sote tuna damu mikononi. Yeye alikataa. Alisema hajihisi mshiriki wa kosa lile, na hoja ya hatia ya wote akaitupilia mbali kwa maneno makali kuliko aliyozoea kuyatumia.

Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi. Kuna siku naiona ni kauli ya mtu mwenye akili timamu katikati ya watu waliopagawa kwa majonzi. Kuna siku naiona ni kauli ya mtu aliyefunga dirisha.

## Wiki kumi na tatu

Alistair Cooke alizaliwa Salford, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1908, katika nyumba ya Wamethodisti ya watu wa kawaida. Akasoma Cambridge, akapata ufadhili uliompeleka Yale na Harvard mwaka 1932, na Marekani ikamnasa. Mwaka 1937 akahamia moja kwa moja. Tarehe 1 Desemba 1941 akala kiapo cha uraia, siku sita tu kabla ya Wajapani kuishambulia Pearl Harbor.

Barua yake ya kwanza ya redio ilirushwa na BBC tarehe 24 Machi 1946. Makubaliano yalikuwa wiki 13. Uingereza ilikuwa imetoka vitani imefilisika, dola zilikuwa za kuhesabu, na aliyemwajiri alimwambia kwamba hata mambo yakienda vizuri sana, kipindi kisingevuka wiki 26. Kikaenda miaka 58. Barua ya mwisho ilirushwa Februari 2004, ikiwa ni ya 2,869, na mwezi uliofuata Cooke akafariki nyumbani kwake New York akiwa na miaka 95.

Fikiria msikilizaji wa barua ile ya kwanza. Yuko Manchester au Leeds, nyumba yake ina baridi, nyama anaipata kwa kadi ya mgao, na miezi michache baadaye hata mkate utaingizwa kwenye mgao, kitu ambacho hakikufanyika hata vita vilipokuwa vimepamba moto. Kwenye redio anazungumza mtu aliyesafiri kwa meli ya Queen Mary pamoja na mamia ya wasichana wa Kiingereza waliokuwa wanawafuata waume zao, askari wa Kimarekani. Cooke hakuanza na Rais Truman wala na bomu la atomiki. Alianza na wale wasichana.

Hapo ndipo palipokuwa na kipaji chake. Mwenyewe alieleza kwamba vichwa vya habari ni mapovu tu, na yeye alitaka kuzungumzia chemchemi inakotoka mapovu hayo. Kwa hiyo barua moja ingeanza na majani ya miti yanavyogeuka rangi kule Vermont, ikapita kwa fundi wa mabomba, ikasimama kwa seneta fulani, na kabla dakika kumi na tano hazijaisha umeshaelewa kwa nini muswada fulani umekwama Washington. Huoni alipokata kona. Waliokua na redio zetu, wakasubiri mazungumzo baada ya habari, wanajua jinsi kazi hiyo ilivyo ngumu. Mtu anayesoma maandishi redioni husikika kuwa anasoma. Cooke alikaa chumbani kwake, juu ya bustani ya Central Park, akapiga taipureta maneno yaliyokwisha kupimwa kwa ulimi. Ukimsikiliza unadhani anayawaza papo hapo.

Nimejaribu kuchukua barua moja na kuiandika upya kwa Kiswahili, kwa ajili ya kujifunza tu. Nilichogundua ni kwamba sentensi zake ndefu hazichoshi kwa sababu kila kitu kizito kinawekwa mwisho, pale pumzi inapoishia. Anachelewesha. Anakupa mtu, kofia ya mtu, hali ya hewa, halafu ndipo anakupa jambo. Msikilizaji anayekaanga mayai jikoni hawezi kurudi nyuma kusikiliza tena, na Cooke hakumsahau huyo hata wiki moja.

## Redio ya Korogwe

Mimi nilimfahamu kupitia mjomba wangu.

Mjomba alifundisha Kiingereza sekondari, na nyumbani kwake Korogwe kulikuwa na redio ya masafa mafupi ambayo waya wake wa antena ulitoka dirishani ukafungwa kwenye mwembe. Sisi watoto tulijua saa za taarifa ya habari ya Kiswahili, na tulijua pia kwamba wikendi kuna saa moja ambayo hatupaswi kupita mbele ya kiti chake. Mzee wa Kiingereza alikuwa anazungumza. Sauti inakuja, inazama, inarudi. Mjomba anainamisha kichwa, mkono mmoja uko kwenye kitufe cha kutafutia stesheni. Hatukuelewa kitu. Tulielewa tu kwamba yule mzee hapigi kelele na mjomba anamheshimu.

Miaka mingi baadaye BBC iliweka kwenye intaneti zaidi ya barua 900, na baadaye ziliongezeka mamia nyingine ambazo wasikilizaji wawili kule Uingereza walikuwa wamezirekodi nyumbani kwa vinasa sauti vyao. BBC yenyewe haikuwa imezihifadhi. Jambo hili nilipolisoma liliniuma, kwa sababu lina maana kwamba barua za miaka ile ya mwanzo, za Truman na Eisenhower, nyingi tunazipata kwa maandishi tu. Sauti ya katikati ya karne imepotea kwa kiasi kikubwa, na kilichookolewa kimeokolewa na watu waliopenda tu.

Nilipakua barua kadhaa, pamoja na ile ya Los Angeles, nikampelekea mjomba kwenye simu. Sasa ni mzee, anaishi Tanga mjini na binti yake. Nilipompigia nikamkuta ameshazisikiliza.

"Shikamoo mjomba. Umemsikia rafiki yako?"

"Marahaba mjomba. Nimemsikia." Akanyamaza kidogo. "Ila kuna kitu nilikuwa najiuliza tangu enzi zile. Hivi huyu bwana alishawahi kwenda Mississippi?"

Alikuwa anataja jimbo la Kusini mwa Marekani lililosifika kwa kuwabagua weusi. Nikamwambia naamini alikwenda. Mwaka 1942, vita vilipoanza kwa Marekani, Cooke alizunguka nchi nzima kwa miezi kadhaa, Kusini pia akapita, akiandika jinsi watu wa kawaida walivyoipokea vita.

"Kupita amepita," mjomba akasema. "Mimi nauliza kama alikwenda."

Tukaingia kwenye habari za mvua na bei ya mahindi. Lakini swali likabaki, na limenikalia wiki zote hizi.

## Kizazi kizimbani

Nilidhani jibu ni rahisi. Mzungu wa Fifth Avenue, mtaa wa matajiri wa New York, rafiki wa wakubwa, mpenda gofu, atajuaje ya Mississippi? Ningeandika hivyo na kumaliza. Ila nilipoanza kupitia kazi zake za miaka ile, nikakuta mambo hayajanyooka namna hiyo.

Chukua kesi ya Alger Hiss. Mwaka 1948 Whittaker Chambers, mhariri wa jarida kubwa aliyewahi kuwa mkomunisti, alidai kwamba Hiss, aliyekuwa ofisa wa juu Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, alikuwa kwenye kundi la siri la wakomunisti, na baadaye akaongeza kwamba alimpa nyaraka za serikali. Kesi hiyo ilikuwa na vitu ambavyo mtunzi wa hadithi angeogopa kuvitumia: filamu zilizofichwa ndani ya boga lililokombwa, shambani kwa Chambers huko Maryland, na taipureta ya zamani aina ya Woodstock iliyoletwa mahakamani kuonyesha nani alipiga kurasa zipi. Muda wa kumshtaki kwa ujasusi ulikuwa umeshapita kisheria, hivyo Hiss akashtakiwa kwa kusema uongo chini ya kiapo. Kesi ya kwanza, 1949, wazee wa mahakama walishindwa kukubaliana. Ya pili, Januari 1950, wakamtia hatiani, akahukumiwa kifungo cha miaka mitano. Majuma matatu hayakuisha, Seneta Joseph McCarthy akasimama Wheeling, West Virginia, akadai serikali imejaa wakomunisti, na Marekani ikaingia katika miaka ya hofu.

Cooke alikaa mahakamani kesi zote mbili akiliandikia gazeti la Manchester Guardian. Kitabu alichokitoa mwaka huo wa 1950 hakianzi na boga wala taipureta. Kinaanza kwa kumrudisha msomaji miaka ya 30: ukosefu wa kazi, foleni za supu, Hitler anapanda, Hispania inateketea, na vijana wasomi wanaoamini kwamba ukomunisti ndio pekee unaosimama mbele ya ufashisti. Hoja yake ilikuwa kwamba watu wa 1949 walikuwa wanawahukumu watu wa 1936 kwa macho ya 1949. Kizazi kizima kiliwekwa kizimbani ndani ya mwili wa mtu mmoja. Na yeye hakumtangaza Hiss kuwa mwema wala mwovu. Aliuliza kama ni haki mtu mmoja kubebeshwa zama zake.

Wakati ule kuandika hivyo kulihitaji moyo. Watu walikuwa wanapoteza kazi kwa sababu ya mikutano waliyohudhuria wakiwa wanafunzi.

Sasa rudi jikoni kwa hoteli ya Ambassador. Mwaka 1950 Cooke anasema: usimbebeshe mtu mmoja hatia ya kizazi. Mwaka 1968 anasema: usikibebeshe kizazi hatia ya mtu mmoja. Ni kauli ile ile imegeuzwa upande wa pili. Hapo nikaelewa kwamba alichokisema baada ya kifo cha Kennedy hakikutoka kwenye ubaridi wa moyo. Kilikuwa msimamo alioushika miaka kumi na minane na zaidi, katika nyakati mbili ambazo nchi nzima ilikuwa inavutwa upande mwingine. Kwake, kosa lina mwenyewe. Lina jina, lina uso, lina saa lilipotendeka.

Nilifurahi siku ile. Nilikaribia kumpigia mjomba.

## Kosa lisilo na uso

Kilichonizuia ni kituo cha basi.

Kwenye vituo vya mabasi vya Kusini mwa Marekani, miaka yote ambayo Cooke alikuwa anatengeneza zile barua nzuri, kulikuwa na vyumba viwili vya kusubiria, kimoja cha weupe, kimoja cha weusi. Mabomba ya maji mawili. Madirisha ya tiketi mawili. Sasa uliza: kosa hili ni la nani? Karani aliyekaa dirishani anafuata utaratibu wa kampuni. Kampuni inafuata sheria ya jimbo. Sheria ilipitishwa na wabunge ambao wengine wamekufa zamani, na imethibitishwa na majaji. Hakuna aliyefyatua risasi. Ukimtafuta mwenye kosa kwa jina na uso, kama Cooke alivyofundisha, hutampata. Na wakati huo huo kosa lipo, kila asubuhi, mbele ya kila abiria, na limefanywa kwa jina la raia wote wa jimbo hilo.

Hapa ndipo hoja ya Cooke inaponivunjikia mkononi. Kuna hatia ambayo kweli ni ya wote, kwa sababu wote ndio wenye sheria.

Nikarudi kwenye barua zake nikiwa na sikio hilo. Weusi wa Marekani wamo, na mara nyingine wamo kwa upendo mkubwa. Alimzungumzia Joe Louis, bondia, kwa heshima inayomwinua msikilizaji. Jazi aliijua kwa vidole vyake mwenyewe, alipiga piano, na Duke Ellington kwake alikuwa mfalme. Lakini hao ni watu wenye majina. Mwanamke anayefua nguo za watu Jackson, Mississippi, anayelipa nauli na kukaa nyuma, simsikii. Suala la haki za raia linapoingia, linaingia kama tatizo zito la taifa, la kutazamwa kwa subira na kuombewa busara. Ile mbinu yake ya kuanza na kofia ya mtu ndipo jambo lifuate, hapo naona imelegea.

Gazeti lake lenyewe lilikuwa na mwandishi mwingine, W. J. Weatherby, aliyekwenda Kusini miaka ya mwanzo ya 60 kuandika harakati zile akiwa katikati ya watu. Kwa hiyo haikuwa kwamba Mwingereza hawezi kuona.

Na haikuwa mbali na yeye. Barabara namba 40, iliyopita Maryland, ndiyo waliyoitumia wanadiplomasia wa Kiafrika kusafiri kati ya Umoja wa Mataifa New York na ofisi zao Washington. Mwaka 1961 balozi wa Chad alisimama kwenye mgahawa wa barabara hiyo akakataliwa huduma. Mwaka ule ule ambao Tanganyika ilikuwa inajiandaa kupandisha bendera yake. Serikali ya Rais John Kennedy, kaka yake Robert, ilihangaika kwa sababu Wasovieti walikuwa wanazisubiri habari kama hizo, na Maryland ilikuja kubadili sheria mwaka 1963. Mwalimu Nyerere naye alikuwa New York mwezi Machi 1955, amekwenda kuieleza Tanganyika mbele ya Baraza la Udhamini. Mji mmoja na Cooke, umbali wa kutembea kwa miguu kutoka Central Park. Nafikiria barua ambayo ingeanza na mwalimu mmoja kutoka Butiama, koti lake, namna alivyongoja zamu yake ya kusema.

## Julai 1954

Katika kutafuta ndipo nikakutana na Ethel Payne.

Alikuwa mwandishi wa Chicago Defender, gazeti la Wamarekani weusi lililosambazwa hadi Kusini na wafanyakazi wa treni, likisomwa kwa sauti kwenye vinyozi na barazani. Babu na bibi zake walizaliwa utumwani. Alikuwa mmoja wa wachache kabisa wenye ngozi nyeusi walioruhusiwa kuingia kwenye mikutano ya Rais na waandishi wa habari.

Tarehe 7 Julai 1954 alisimama mbele ya Rais Eisenhower. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikuwa imetoa uamuzi wake wa kukataza kuwatenga wanafunzi weusi na weupe shuleni tarehe 17 Mei, wiki saba kabla. Payne aliuliza jambo moja, kwa upole na kwa Kiingereza cha adabu: je, serikali itaunga mkono sheria ya kuondoa utengano wa weusi na weupe kwenye usafiri unaovuka mipaka ya majimbo?

Mabasi. Treni. Chumba cha kusubiria.

Eisenhower akachemka. Alijibu kwamba serikali yake inafanya inachoamini kuwa ni haki, na haiko pale kuunga mkono kundi lolote maalumu. Magazeti ya siku ile yakaandika hasira za Rais. Payne baada ya hapo alikuwa akinyoosha mkono na Rais hamwoni.

Nimesoma habari hii mara kadhaa na kila mara nasimama kwenye lile swali. Halina mtu ndani yake. Halimtaji karani, dereva, wala seneta mbaguzi. Linaelekezwa moja kwa moja kwenye sheria na kwa mwenye uwezo wa kuibadilisha, na linataka jibu. Cooke, kwa kipaji chake chote, sidhani kama angeuliza hivyo, kwa sababu kwake chumba kile kingekuwa kwanza kimejaa watu: Rais na uso wake kuwa mwekundu, waandishi wanavyotazamana, joto la Julai la Washington. Angekuandikia hali ile ukaiona. Payne ndiye aliyeifanya itokee.

Mwaka uliofuata alipanda ndege kwenda Bandung, Indonesia, kwenye mkutano wa nchi za Asia na Afrika. Ndiyo maana nasema alikuwa mwandishi wa mambo ya nje hata akiwa nyumbani. Aliishi Washington, mji mkuu wa nchi yake, akautazama kama mtu ambaye bado hajakaribishwa ndani.

Tuna msemo kwamba mgeni ana macho makubwa lakini haoni. Cooke alikuwa mgeni aliyekaribishwa hadi chumba cha ndani, akapewa kiti, na mwaka 1974 akasimama kulihutubia Bunge la Marekani lenyewe. Macho yake yaliona mengi sana, na Wamarekani wengi wanakiri kwamba aliwaonyesha nchi yao. Ninachojiuliza ni kama kukaribishwa kule hakukumpunguzia sababu ya kuuliza. Mtu akikupa kiti kizuri, unauliza nani kasimama?

## Simu ya pili

Nilimpigia mjomba tena. Nikamweleza Hiss, nikamweleza Payne, nikamweleza kituo cha basi. Nilitegemea aseme, "Nilikwambia."

Hakusema hivyo. Aliniuliza kwa nini namzungumzia Bwana Cooke kama mshtakiwa.

"Mimi nilimsikiliza miaka mingi nikijua hajafika Mississippi," akasema. "Nilikuwa napata kwake kitu kingine. Darasani nilikuwa na watoto arobaini, kila mmoja anadhani kuzungumza Kiingereza ni kupandisha sauti. Mimi mwenyewe nilijifunza kwake kwamba unaweza kumweleza mtu jambo la hatari ukiwa umekaa. Kennedy kauawa mbele ya macho yake, na unamsikia anatafuta neno sahihi. Hakuna maigizo."

Nikamuuliza kama hilo linatosha.

"Halitoshi. Kwani nani alisema mtu mmoja atoshe? Sisi tulikuwa na redio moja, mjomba. Ninyi mna dunia nzima kwenye simu, na bado unanitumia mtu niliyekuwa namsikiliza mwaka 1983."

Hilo nimelichukua. Kwa sababu ni kweli kwamba sauti ya Cooke ilitufikia sisi wa masafa mafupi kwa uwezo wa mitambo ya BBC, wakati Chicago Defender halikuwahi kufika Korogwe. Marekani ya miaka ya 50 tuliyoijua hapa tuliipata kwa aliyekuwa na mtambo. Hilo halikuwa kosa la Cooke na halikuwa kosa la mjomba. Na bado lina matokeo: mwalimu mmoja wa Kiingereza, mtu makini, alikaa na swali la Mississippi miaka arobaini bila mtu wa kumjibu.

Kuhusu ile kauli ya 1968, msimamo wangu sasa ni huu. Kwa mauaji ya Robert Kennedy, Cooke alikuwa sahihi. Kijana mmoja alifyatua, akashikwa pale pale, na kujitwika hatia ile nchi nzima kulikuwa njia ya kuhuzunika tu. Lakini miezi miwili kabla ya hapo Martin Luther King alikuwa ameuawa Memphis, alikokwenda kusimama na wazoa taka waliogoma, na mgomo ule ulikuwa juu ya mji mzima na jinsi ulivyowalipa na kuwadharau watu wake. Risasi ilikuwa ya mtu mmoja. Mishahara ile ilikuwa ya wote. Barua moja haiwezi kuyafunika yote mawili kwa kanuni moja, na mimi nimeacha kuitaka ifanye hivyo.

Mwaka 1972 Cooke aliacha kuliandikia Guardian, ingawa barua za redio ziliendelea. Mwaka huo huo shirika la CBS lilimpa Ethel Payne nafasi ya kutoa maoni yake hewani, mwanamke mweusi wa kwanza kuwa mchambuzi kwenye mtandao wa kitaifa wa utangazaji Marekani. Nimeanza kutafuta rekodi za sauti yake. Nataka nimpelekee mjomba azisikilize akiwa bado ana masikio mazuri. Mwenye kujua zinapatikana wapi, tafadhali aniandikie.